Chuo kidogo cha mkoani au chuo kikuu kikubwa: kipi kinakufaa?

Anayetafuta chuo Tanzania huanza na jina, akaja kwenye ada, kisha nauli. Ni mambo ya kuangalia, lakini kuna mengine yanayoamua kama utamaliza kwa wakati na cheti chako kitatambulika: programu ina ithibati au haina, walimu wa kudumu ni wangapi, vifaa vinavyofanya kazi ni vingapi, na matokeo yako yanafika lini kwenye mfumo wa taifa. Kwa mambo hayo manne vyuo vikubwa havipishani sana. Vyuo vidogo vinapishana kama mbingu na ardhi. Utakuta chuo cha wanafunzi mia tatu kinachomtoa mganga au bwana shamba aliyeiva, na mtaa wa pili kingine chenye idadi hiyohiyo kinachokula miaka mitatu ya mtoto wa mtu bure.

Kwa hiyo swali la ukubwa peke yake halitoshi. Kipimo chetu ni hiki: chuo kidogo kinachofundisha fani moja, kikiwa kimejengwa pale kazi yenyewe inapofanyika, mara nyingi kinamshinda mkubwa kwa ngazi ya astashahada na stashahada. Chuo kidogo kinachofundisha kila kitu, kuanzia uhasibu hadi famasi hadi uandishi wa habari, ndicho cha kukiogopa. Kwa shahada mizani hugeuka, nayo tutaifikia.

Tunaposema kidogo na kikubwa

Kidogo ni chuo cha kati kilicho chini ya NACTVET, Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, au chuo kikuu kishiriki cha mkoani chenye programu chache na wanafunzi mia kadhaa hadi elfu moja au mbili. Kikubwa ni kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma, Sokoine au Mzumbe, ambako idara moja inaweza kuwa na wanafunzi wengi kuliko chuo kizima cha mkoani.

Usimamizi wake ni tofauti, na hapo ndipo wengi wanapoanza kupotea. Shahada za vyuo vikuu zinasimamiwa na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Vyuo vya kati vinasimamiwa na NACTVET, kwa ngazi zinazoitwa NTA: ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 astashahada, ya 6 stashahada. Usajili wa chuo na ithibati ni vitu viwili. Chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa kihalali na bado programu unayoitaka haijaidhinishwa pale. Usiulize "chuo kimesajiliwa?" ukaridhika na jibu. Fungua mwongozo wa udahili wa mwaka huo, wa TCU au wa NACTVET, utafute jina la chuo, kisha jina la programu kama lilivyo kwenye tangazo, neno kwa neno. Humo utakuta sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi zilizoidhinishwa. Andika ile idadi ya nafasi pembeni, utaihitaji siku ya kutembelea chuo.

Hili si jambo la kinadharia. Kwa mwaka wa masomo 2017/18 TCU ilizuia vyuo vikuu 19 kudahili wanafunzi wapya, na programu 75 katika vyuo vingine, kwa sababu ya upungufu uliobainika kwenye ukaguzi. Mengi ya matatizo ya aina hiyo huwa ni uhaba wa wahadhiri wenye sifa na miundombinu isiyotosha. Chuo kikubwa kikikosa wahadhiri wawili, idara inaazima kwa jirani. Kidogo kikikosa wawili, programu imekufa.

Darasani na maabara

Mwaka wa kwanza chuo kikubwa una kozi za pamoja kama Taaluma za Maendeleo, ile wanafunzi wanayoiita DS, na stadi za mawasiliano. Ukumbi unajaa mamia ya watu, mhadhiri yuko mbele na kipaza sauti, wa nyuma wanasikia nusu. Kazi halisi ya kuelewa hufanyika kwenye semina, vikundi vidogo vinavyoongozwa na wahadhiri wasaidizi. Mwanafunzi anayekosa mhadhara na kusoma desa, yaani madokezo yaliyonakiliwa, anaweza kupona. Anayekosa semina anaumia, kwa sababu huko ndiko alama za kazi za muhula zinakopatikana. Katika vyuo vingi alama hizo ni 40 kwa 100, mtihani wa mwisho 60. Halafu kuna kazi za vikundi vya watu kumi au kumi na tano, ambazo hufanywa na wawili. Ukiwa mmoja wa hao wawili unajifunza sana. Ukiwa mmoja wa wale kumi na tatu, mtihani utakufichua.

Chuo kidogo kina darasa la watu ishirini hadi sitini. Mkufunzi anajua jina lako kufikia wiki ya tatu na anajua huelewi hesabu za kipimo cha dawa hata kabla hujasema. Kwa aliyetoka shule ya kata akiwa na msingi dhaifu wa hisabati au Kiingereza, faida hii haina mbadala. Hakuna programu ya simu wala desa linaloweza kufanya kazi ya mwalimu anayekusimamisha ubaoni ukosee mbele yake, akurekebishe hapohapo.

Ila uliza mkufunzi huyo ni wa nani. Vyuo vidogo vingi, hasa vya binafsi, hutegemea walimu wa muda wenye ajira kwingine. Dalili zake huonekana kwenye ratiba iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo. Jina moja likiwa limeandikwa kwenye masomo manne yasiyohusiana, au vipindi vingi vikiwa Jumamosi na jioni, basi jua mada zitakimbizwa wiki tatu za mwisho wa muhula. Utapata madokezo mengi, mazoezi machache, na mtihani utakuja mada zikiwa bado mbichi kichwani.

Kwenye maabara hesabu inahitaji utulivu kidogo. Chukua zoezi la kupima ukali wa asidi kwa biureti. Wanafunzi 60 wakiwa na biureti 12, kila kikundi kina watu watano: mmoja anafungua koki, mmoja anatikisa chupa, mmoja anaandika, wawili wanaangalia. Chuo kidogo chenye wanafunzi 24 na biureti sita kina watu wanne kwa kikundi. Tofauti ni ya mtu mmoja tu! Udogo wa darasa haukuhakikishii mkono wako kwenye kifaa. Idadi ya vifaa vinavyofanya kazi ndiyo inayokuhakikishia.

Kinachotofautisha zaidi ni nini hutokea kitu kikiisha. Chuo kikubwa kina mafundi sanifu wa maabara walioajiriwa kwa kazi hiyo, na makundi yanapishana Jumatatu hadi Ijumaa kwenye meza zilezile. Kemikali ikiisha idara moja, inatafutwa idara nyingine. Chuo kidogo huwa na fundi mmoja, mara nyingi ndiye pia mtunza stoo, na kemikali ikiisha katikati ya muhula zoezi hugeuka somo la ubaoni: mkufunzi anachora biureti, anaandika majibu yanayotarajiwa, wanafunzi wananakili. Ripoti inakuwa safi na mkono hujawahi kugusa koki. Ukija kukaa mbele ya mtihani wa vitendo, ndipo unapogundua hujui hata kusoma kiwango cha kimiminika kwenye mstari wa chini wa mpindo wake.

Vyuo vya fani moja

Hapa ndipo chuo kidogo kinapong'aa, na ni jambo ambalo wazazi wengi hawalipi uzito. Mtu anayetaka kilimo ngazi ya stashahada ana vyuo vya MATI, vilivyo chini ya Wizara ya Kilimo: Uyole Mbeya, Ilonga Kilosa, Ukiriguru Mwanza. Vyote vitatu viko pua na mdomo na vituo vya utafiti wa kilimo, kwa hiyo mashamba ya majaribio yako ng'ambo ya uzio. Mifugo ina kampasi za LITA, wakala wa vyuo vya mifugo, Tengeru na Mpwapwa zikiwemo, ambako ng'ombe wa kujifunzia wapo zizini asubuhi hadi jioni. Misitu ina Olmotonyi mkoani Arusha. Wanyamapori wana Pasiansi Mwanza, na Mweka karibu na Moshi, chuo kilichoanza 1963 na ambacho watu wa hifadhi wanakijua Afrika nzima. Sheria kwa ngazi za chini ina Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Sanaa ina taasisi yake Bagamoyo.

Vyuo hivi havina majengo ya kutisha wala majina yanayotajwa mezani kwenye sherehe. Lakini mwajiri wa fani hiyo anavijua, kwa sababu nusu ya watu wa ofisini kwake walipita huko. Mwanafunzi wa mifugo aliyechoma sindano ng'ombe mia kwa mkono wake ana kitu ambacho mwenzake aliyesoma vitabu vingi zaidi atakipata baada ya kuajiriwa, tena kama mkuu wake ana subira.

Vyuo vya kati vya afya vina jambo lao. Vingi viko jirani na hospitali, hasa za misheni na za wilaya, na mwanafunzi anaingia wodini mapema. Mitihani yake inasimamiwa kitaifa na Wizara ya Afya, na ya ualimu ngazi ya stashahada inatungwa na NECTA, Baraza la Mitihani. Maana yake chuo kidogo hakiwezi kugawa alama za kupendeza macho. Kama wanafunzi wake wanafaulu, wamefaulu kwa kipimo kilekile cha nchi nzima, na unaweza kulinganisha chuo na chuo bila wasiwasi. Kwenye uhasibu, manunuzi au utawala, ambako chuo kinatunga mitihani yake chenyewe, GPA, yaani wastani wa alama zako, ya chuo kimoja na ya kingine si kitu kimoja. Hapo angalia wahitimu wake wanafanyaje kwenye mitihani ya bodi za kitaaluma, kama ya NBAA kwa wahasibu na PSPTB kwa watu wa ununuzi na ugavi.

Alama zinazopotea, na AVN

Kero kubwa ya chuo kikubwa ni karatasi. Jaribio umefanya, alama haionekani kwenye mfumo, na matokeo yanatoka yakiwa pungufu. Njia yake ni ndefu: mwalimu wa kozi, mratibu wa mitihani wa idara, idara, kitivo, kisha seneti. Alama ikirekebishwa kabla ya seneti kukaa ni kazi ya siku mbili. Ikipita seneti ni kazi ya muhula. Kwa hiyo tabia ya kuokoa maisha chuo kikubwa ni hii: kila alama za jaribio zinapobandikwa, zipige picha, na kila karatasi iliyorudishwa itunze hadi uhitimu. Anayeingia ofisini akiwa na karatasi mkononi hutoka na jibu. Asiye nayo huambiwa aje wiki ijayo.

Chuo kidogo, jambo hilohilo linaisha kwa kugonga mlango wa ofisi ya taaluma. Mkufunzi anafungua daftari lake, mnaangalia wote wawili, yamekwisha. Tatizo la chuo kidogo liko mbele zaidi, na linauma mara kumi.

Mhitimu wa stashahada anayetaka kuomba shahada anahitaji AVN, namba inayotolewa na NACTVET kuthibitisha tuzo yake. Namba hiyo haitoki kama matokeo yake hayapo kamili kwenye mfumo wa Baraza, na anayeyapandisha ni chuo. Mambo matatu huikwamisha. La kwanza ni jina: cheti cha kidato cha nne kinasema Yohana, chuo kimeandika John. La pili ni somo moja la muhula wa nyuma kusahaulika, hasa lile ulilorudia kwa sapu, mtihani wa marudio, na kufaulu, ambalo kwenye mfumo bado linasomeka umeshindwa. La tatu ni chuo chenyewe kuchelewa kupeleka matokeo ya darasa zima, kwa uzembe au kwa kuwa hakijamaliza mambo yake na Baraza. Dirisha la kwanza la kuomba shahada kwa kawaida hufunguka Julai. AVN ikikosekana, unakaa nyumbani mwaka mzima ukiwa na GPA nzuri isiyokusaidia.

Ndiyo maana swali bora la kumuuliza mhitimu wa chuo kidogo si kama alifurahia maisha ya pale. Muulize: "Mlipata AVN mwezi gani?" Wakijibu watu watatu wa mwaka mmoja kwamba ilipatikana kabla ya dirisha kufunguka, chuo hicho kina ofisi ya taaluma inayofanya kazi. Wakianza kuangaliana, umepata jibu.

Kumbuka pia kwamba kupita stashahada kwenda shahada kunataka GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne, na programu zenye ushindani hudai zaidi ya hapo. Njia hiyo ni ndefu kidogo kuliko ya kidato cha sita. Aliyetoka kidato cha nne akasoma NTA 4 hadi 6 kwa miaka mitatu, kisha shahada ya miaka mitatu, ametumia sita. Mwenzake wa kidato cha tano na sita ametumia mitano. Ila wa kwanza, katikati ya safari, tayari ana taaluma mkononi, na pesa ya nyumbani ikikatika hatarudi mikono mitupu. Kwa familia isiyo na uhakika wa kipato, mwaka huo mmoja wa ziada ni bima nzuri.

Fildi

Chuo kikubwa kinakutafutia mafunzo kwa vitendo kupitia mfumo, au unajitafutia na chuo kinaidhinisha. Jina la chuo husaidia barua ikubaliwe, na msimamizi huja kukukagua mara moja tu. Chuo kidogo kina makubaliano na maeneo machache ya karibu. Yakiwa mazuri, unakaribishwa kama mtu wa nyumbani. Hatari ni msongamano: vyuo vitatu vya afya vikitegemea hospitali moja ya rufaa ya mkoa, utakuta wanafunzi kumi na tano wamezunguka kitanda kimoja, anayefunga kidonda ni mmoja na wengine wanachungulia mabegani. Uliza chuo kinapeleka wanafunzi hospitali ngapi, na kila wodi wanaingia wangapi kwa zamu. Mkuu wa idara anayejua kazi yake hujibu bila kutafuta faili.

Pesa, na hesabu ya kukaa nyumbani

Bodi ya Mikopo, HESLB, haiangalii ukubwa wa chuo kwa shahada ya kwanza. Inaangalia kama chuo na programu vinatambulika, na uhitaji wa mwombaji. Kwa stashahada mambo ni tofauti: tangu mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefunguliwa kwa programu za kipaumbele tu. Soma mwongozo wa mwaka husika kabla hujaweka mkopo kwenye hesabu zako, kwa sababu wapo wanaoanza chuo wakidhani bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, litakuja, kumbe programu yao haimo kabisa. Na kwa aliyepata, akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi amalize, kwa hiyo kukopa kwa ajili ya chuo chenye ada kubwa na programu dhaifu ni kujifunga mara mbili.

Ukiwa chuo kidogo, afisa mikopo mara nyingi ndiye pia mhasibu au mshauri wa wanafunzi. Foleni ni fupi, lakini akisafiri hakuna wa kushika nafasi yake. Mwanafunzi anayeendelea hulipwa baada ya chuo kutuma matokeo ya mwaka uliopita, na chuo kinachochelewesha matokeo kinachelewesha chakula cha watu. Chuo kikubwa kina dawati zima la mikopo na foleni ya kuzunguka jengo.

Kukaa nyumbani kunaokoa kodi na chakula, ndiyo, lakini pima muda. Saa moja kwenda na saa moja kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 15 za masomo: saa 150 kwa muhula. Krediti moja, kwa mfumo wetu wa NTA na wa vyuo vikuu, ni saa kumi za kujifunza. Kwa hiyo barabara inakula krediti 15, karibu masomo mawili mazima. Ongeza kuchota maji, duka la mama na wadogo wa kusimamiwa kazi za shule. Kukaa nyumbani kunalipa pale safari inapokuwa chini ya nusu saa na wazazi wamekubali, kwa maneno yaliyosemwa wazi, kwamba jioni za siku za masomo ni za kusoma. Bila makubaliano hayo, msichana hasa ndiye anayeumia. Yeye hutarajiwa kuwa mwanafunzi mchana na mtumishi usiku, na matokeo yake yakishuka analaumiwa kwa uvivu.

Mengine, kwa haraka

| Jambo | Chuo kidogo | Chuo kikubwa |
|---|---|---|
| Malazi | Hosteli ya chuo, mara nyingi ni lazima au inatosha wengi | Hosteli haitoshi wote; wengi wanapanga mtaani na kulipa kodi ya miezi kadhaa mbele |
| Maktaba | Nakala chache za kitabu kilekile. Fika mapema | Vitabu vingi na majarida ya mtandaoni, lakini lazima ujifunze kuyatafuta |
| Nidhamu | Sare, mahudhurio kuitwa majina, geti kufungwa | Uhuru mkubwa. Unaweza kupotea mwezi mzima bila kuulizwa |
| Mtandao wa watu | Wenzako ni wa fani na mkoa wako | Wenzako ni wa nchi nzima na fani zote |
| Siri | Habari zako zinafika ofisini kabla yako | Hakuna anayekujua, kwa uzuri na kwa ubaya |

Mstari wa nidhamu ndio unaostahili kutazamwa mara mbili. Wanaodisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, mwaka wa kwanza chuo kikubwa si lazima wawe wazito wa kuelewa. Wengi ni waliotoka shule ya bweni yenye kengele, wakajikuta mahali pasipo na kengele. Kama unajijua kwamba hufanyi kitu bila kusukumwa, huo ni ukweli wa kuufanyia kazi, na chuo kinachoita majina asubuhi kitakufaa.

Kampasi ndogo ya chuo kikubwa

Watu husahau kwamba njia ya katikati ipo. Mkwawa mkoani Iringa ni chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichoanza 2005 sambamba na DUCE, mwenzake aliyeko Dar es Salaam. Unasoma mji mdogo wenye maisha nafuu na shahada inatoka Dar es Salaam. Taasisi ya Uhasibu, TIA, ina kampasi Singida, Mtwara, Kigoma na kwingineko. CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, iko Dodoma, Mwanza na Mbeya, mbali na makao yake Dar. Na kwa aliyeajiriwa au mwenye familia, Chuo Kikuu Huria kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992 kina vituo mikoani, ila kinamtaka mtu wa kujisukuma kwelikweli. Kwenye kampasi ndogo jina na mitaala ni ya chuo mama, lakini walimu na vifaa ni vya pale ulipo. Vikague kama unavyokagua chuo kidogo chochote.

Nani aende wapi

Mwenye ufaulu wa wastani wa kidato cha nne anayetaka afya, kilimo, mifugo, misitu au ufundi: chuo kidogo cha fani moja, cha serikali au cha taasisi ya dini yenye hospitali au shamba lake. Hapo hatuna shaka.

Mwenye alama nzuri za kidato cha sita anayelenga uhandisi, sayansi, sheria au udaktari: chuo kikubwa, hata kama ni mbali. Sifa ya chini ya kuingia shahada ni ufaulu wa kiwango cha principal kwenye masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, lakini mwenye alama nzuri asitumie nafasi yake mahali pasipo na maabara ya kutosha na wahadhiri wa ngazi ya uzamivu. Shahada inataka utafiti, na utafiti unataka msimamizi aliyeufanya mwenyewe.

Mtu wa ualimu, biashara au maendeleo ya jamii yuko katikati. Kwake kampasi ndogo ya chuo kinachoaminika mara nyingi ndiyo jibu, na tofauti ya gharama za maisha kati ya Dar es Salaam na Iringa au Singida inaweza kumlipia kompyuta.

Siku ya kukitembelea

Nenda siku ya masomo, Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi. Jumamosi ya maonyesho kila chuo ni kizuri. Anza kwenye ubao wa matangazo usome ratiba, kisha uangalie kama vipindi vya saa hiyo vinaendelea kweli. Hesabu watu darasani mwa programu yako na ulinganishe na nafasi ulizoandika kutoka mwongozo; zikiwa zimezidi mbali, chuo kinadahili kuliko uwezo wake. Omba kuona maabara au karakana. Angalia tarehe za kwisha muda kwenye chupa, angalia kama masinki yana maji, omba kompyuta moja iwashwe. Vumbi jingi juu ya mdoli wa mafunzo ya uuguzi linamaanisha haguswi.

Baada ya hapo nenda kwa mhasibu, uulize michango yote nje ya ada kwa maandishi: mitihani, sare, fildi, kitambulisho, mahafali. Vyuo vingine vina ada ndogo kwenye tangazo na orodha ndefu ndani ya fomu ya kujiunga. Usilipe kwa mtu mkononi hata akivaa kitambulisho. Lipa benki au kwa namba ya malipo ya chuo, na utunze risiti zote.

Ukidahiliwa shahada vyuo zaidi ya kimoja, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayokuja kwenye simu, kwa hiyo namba ya simu uliyojaza iwe yako, si ya stesheneri ulikojazia fomu. Na ukigundua umekosea chuo, uhamisho unawezekana ndani ya dirisha linalotangazwa na TCU mwanzoni mwa mwaka wa masomo, mradi chuo kipya kiwe na nafasi na uwe na sifa za programu ile ya huko. Anza na barua kwa chuo ulichopo, si na mabegi: anayehama kabla karatasi hazijakamilika hubaki bila jina kwenye orodha za vyuo vyote viwili, na mkopo wake hubaki ukimsubiri chuo cha kwanza.